Usiseme 'wacha tu' siku ya kuhama

Kuna maneno mawili ambayo yameniharibia mambo kuliko mengine yote niliyowahi kutamka: "Wacha tu."

Niliyasema mwaka wa 2022, Jumamosi moja saa kumi na moja jioni, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa nyumba ya marehemu babangu, mtaa wa Buruburu hapa Nairobi. Mvua ilikuwa inaanza. Dereva wa Canter alikuwa ameshapiga honi mara tatu na kutuambia wazi kwamba tukitaka kuongeza safari ya tatu, tutaongeza pesa. Mamangu alikuwa ameketi mbele kwenye lori, amekumbatia saa ya ukutani kama mtoto. Dadangu akaniuliza, "Na hizi zilizobaki?"

Nikamwambia, "Wacha tu. Mwenye nyumba ataona la kufanya."

Sasa nikuhesabie "hizi zilizobaki". Friji ambayo ilikufa nikiwa shule ya msingi. Godoro lililoshuka katikati. Mikebe minne ya rangi iliyokauka nusu. Betri ya gari, na gari lenyewe liliuzwa zamani. Magongo ambayo babangu alitembelea miezi yake ya mwisho. Sanduku la bati lililojaa karatasi. Na chini ya ngazi, nyuma ya ndoo zilizopasuka, mkoba mmoja mweusi ambao hakuna aliyejua upo isipokuwa mimi.

Kuhusu huo mkoba, nivumilie kidogo. Nitaufikia.

Najua unachofikiria: "Buda, mimi hata sina nyumba. Niko kwa bedsitter, kitanda na jiko vinapigana mabega." Mimi pia sina. Lakini wazazi wetu, wale waliobahatika kununua nyumba Eastlands enzi za ajira za kudumu, sasa wanazeeka. Wengine wamestaafu na wanataka kurudi mashambani. Wengine wameaga. Pita Buruburu leo uone nyumba ngapi zimegeuzwa maduka, shule za chekechea na vyumba vya kukodisha. Nyumba hizo zinauzwa, na siku ya kuhama anayetumwa kupakia mizigo ni mimi na wewe. Kwa hivyo hili jambo ni letu, upende usipende.

Msimamo wangu ni huu: ukihama nyumba iliyouzwa, usiache kitu ambacho hamkukubaliana kibaki. Si friji, si karatasi, si deni. Tunajidanganya kwamba tunaacha vitu kwa sababu havina maana. Mara nyingi tunaviacha kwa sababu kuviamua ni kazi, na tunaona ni rahisi kumsukumia mtu mwingine kazi hiyo bila kumuuliza.

Wacha nianze na huyo mtu mwingine, kwa sababu ndiye anayesahaulika kabisa.

Aliyenunua nyumba yetu ni mzee aliyekuwa ametoka kustaafu. Pesa alizolipa ni za jasho la maisha yake yote. Jumatatu alikuja na mkewe na fundi wa rangi, wakafungua mlango wakiwa na furaha ya watu wanaoingia kwao. Wakapokelewa na friji iliyooza mpira wa mlango. Ilibidi mzee akodishe vijana wenye mkokoteni, awalipe kubeba, kisha atafute mtu wa kuchukua godoro, kwa maana watu wa vyuma kuukuu watachukua friji na betri mbio mbio, lakini godoro la mtu hakuna anayelitaka. Siku mbili zilipotea. Fundi wa rangi naye alitaka alipwe siku hizo mbili alizokaa akingoja.

Yule mzee hakutuitisha hata shilingi. Hiyo ndiyo inaniuma. Angetugombeza ningesema ah, basi, tumepatana.

Kuna wale watasema, "Lakini si tumemwachia msaada? Kabati lile bado ni zuri." Msaada ni ule mtu ameuomba au ameukubali. Ukimwachia mtu kabati lako bila kumuuliza, umemwachia gharama ya kulitoa. Kama kweli ni zuri, mbona hukulibeba? Na kama hukulibeba kwa sababu lingekugharimu kulisafirisha, basi elewa kwamba mwenzako naye litamgharimu vivyo hivyo.

Tena si suala la adabu peke yake. Nyumba inapouzwa hapa Kenya, mawakili wa pande mbili huandika mkataba. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei mwanzoni, na shughuli nzima hupewa muda wa siku 90 hivi kukamilika. Ndani ya mikataba mingi mna ahadi kwamba muuzaji atakabidhi nyumba ikiwa tupu. Tupu maana yake bila watu na bila mizigo yao. Kwa hivyo ukiacha friji mbovu sebuleni, hujatimiza ulichotia sahihi, na mnunuzi mkali anaweza kukudai gharama ya kuiondoa. Sisi tulipata mtu mpole. Wewe huenda usipate.

Kuna na upande wa pili wa shilingi hiyo, ambao huleta vita zaidi: vitu vinavyopaswa kubaki lakini watu wanang'oa. Kanuni ya zamani ya sheria ni kwamba kilichoshikamana na nyumba kinaenda na nyumba. Milango, madirisha, sinki, choo, kabati zilizojengewa ukutani, nyaya za umeme na soketi zake, hizo si zako tena. Viti, vitanda, mapazia na mtungi wa gesi ni vyako, beba. Shida iko kwa vile vya katikati: tangi la maji juu ya paa, pampu, paneli za sola, shawa ya umeme, chuma cha kuning'inizia runinga, taa za usalama nje. Nimesikia hadithi za watu waliofika nyumba mpya wakapata hata balbu zimefunguliwa. Balbu! Mtu ameuza nyumba ya mamilioni anahesabu balbu.

Dawa ya hayo yote ni karatasi moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kutia sahihi mkataba, tembeeni chumba kwa chumba, muuzaji na mnunuzi, mwandike kinachobaki na kinachoenda. Pigeni picha kwa simu. Kila mmoja abaki na nakala, na mawakili wapewe yao. Ikiwa mnunuzi anataka lile kabati, liandikwe, hata kama ni la bure. Hapo ndipo kuacha kitu kunakuwa zawadi.

Halafu kuna vitu vya kuachwa ambavyo havionekani kwa macho. Bili ya maji. Ada ya ardhi ya kaunti, maarufu kama reti. Ada ya walinzi wa mtaa. Reti angalau huwezi kuruka, kwa sababu cheti cha kuonyesha umeilipa kinahitajika ndipo nyumba ihamishwe jina. Lakini hayo mengine watu huyaacha nyuma na kupotea. Mwezi wa pili mnunuzi anaamka bomba limekauka, anaambiwa akaunti ina deni la mwaka jana. Huo pia ni uchafu umeacha sebuleni kwa mtu, tofauti ni kwamba huu haunuki.

Nikirudi kwa mizigo yenyewe, nilijiuliza sana mbona familia yetu iliweza kuishi na friji mbovu kwa zaidi ya miaka kumi. Jibu ni kwamba tumelelewa na watu waliokosa. Mamangu hatupi mkebe wa blue band, huo ni wa kuwekea sukari. Hatupi nguo, hizo zitabadilishwa na wale wa mali mali kwa beseni. Babangu alikuwa na misumari iliyopinda akisema ataipiga inyooke. Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa. Na siwacheki, kwa sababu akiba hiyo ndiyo ilitusomesha. Lakini ukweli ni kwamba baadhi ya akiba huoza, na siku ya kuhama ndiyo siku inayoanza kunuka.

Na inapooza haipotei. Kile ulichoacha kwa nyumba kitabebwa na mkokoteni hadi pembeni ya barabara, na kutoka hapo, kwa bahati nzuri, hadi jaa la Dandora, ambalo limekuwa likipokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970 na ambalo watu wanaishi ukutani mwake. Kwa bahati mbaya kitaishia mtoni. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inayotaka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Sasa niambie, mtu aliyekuachia wewe kila kitu kwenye lundo moja, rangi, betri, godoro na karatasi, ametenganisha nini?

Sasa twende kwa mkoba.

Niliacha chuo mwaka wa 2021. Sikufukuzwa. Niliacha tu kwenda, kama vile mtu anaacha kwenda gym. Masomo yalikuwa yamerudi baada ya korona, babangu alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa nimeanza kuandika mtandaoni na kupata visenti. Muhula mmoja mamangu alinitumia karo, nikanunua kompyuta ya kupakata. Ndiyo hii ninayokuandikia. Nikajiambia nitarudisha pesa kabla hajajua. Muhula uliofuata nikajiambia vivyo hivyo. Barua za chuo zilipokuja, za kusema sijajisajili na nina deni, nikazitia kwenye mkoba mweusi pamoja na kadi ya mtihani ambayo sikuwahi kuitumia, nikausukuma chini ya ngazi.

Wakati huo huo familia ilikuwa inajadili kuuza nyumba. Bili ya hospitali ya babangu ilikuwa imebaki, na tulikuwa tumekopa kwa kila mtu. Lakini sababu ya pili, ambayo mamangu aliisema kwenye mkutano wa familia mbele ya wajomba, ilikuwa mimi. "Huyu mtoto lazima amalize chuo. Babake alitaka hivyo."

Unajua nyumba ya marehemu haiuzwi hivi hivi. Lazima mwende mahakamani kuhusu mirathi, na sheria hairuhusu nyumba iuzwe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na korti. Sisi watoto tulioshafika umri wa watu wazima tulitia sahihi kukubali. Mimi nilitia sahihi. Nilishika kalamu nikijua kwamba nusu ya sababu ya kuuza nyumba ya babangu ni uongo wangu, na sikufungua mdomo.

Sasa unaelewa mbona siku ya kuhama sikutaka mtu yeyote aingie chini ya ngazi. Ningeubeba ule mkoba, dadangu angeuliza una nini. Nikaona heri ubaki. Nyumba si yetu tena, utatupwa pamoja na ndoo, na siri itakuwa imezikwa bila matanga. "Wacha tu."

Siku ya nane yule mzee alimpigia mamangu simu akiuliza tunakaa wapi. Akaja mwenyewe, kwa matatu, hadi kwenye nyumba ya kukodi tuliyokuwa tumehamia Umoja. Alileta sanduku la bati, magongo ya babangu yakiwa yamefungwa kwa kamba, na mkoba mweusi ambao alikuwa ameupangusa vumbi. Mamangu akamtilia chai. Mzee akasema, "Mama, hivi vitu vya marehemu niliona si vizuri vitupwe na watu wasiomjua. Na hizi ni karatasi za kijana za chuo. Sikuzisoma, niliona tu nembo. Masomo ni muhimu, asije akazihitaji."

Hakuwa na ubaya wowote. Alitutendea wema kuliko sisi tulivyomtendea.

Mamangu alifungua mkoba baada ya mgeni kuondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, ningeweza kuinuka na sikuinuka. Alisoma barua moja, akasoma ya pili, akaangalia tarehe. Akazirudisha zikiwa zimekunjwa vizuri. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini kabisa:

"Nyumba ya babako niliiuza kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Dadangu husema madeni yangetulazimisha kuuza hata hivyo, kwa hivyo nisijiue kwa mawazo. Huenda ni kweli. Lakini huenda tungeuza baadaye, kwa bei nzuri zaidi, au tungekodisha vyumba viwili tukalipa polepole. Hakuna atakayejua, kwa sababu wakati wa kujua ulipita nikiwa nimenyamaza. Pesa zilizokuwa zimetengwa za karo mamangu aliziweka kwenye chama, na akaniambia siku nikitaka kurudi darasani nimwambie kwa mdomo wangu, nisimtumie mzee wa watu. Tuliongea vizuri tena baada ya miezi mitano.

Mficha uchi hazai. Nilikuwa nikisikia methali hii nikidhani ni ya wazazi. Sasa naijua maana.

Ndiyo maana nakwambia vitu unavyoacha nyuma havinyamazi. Mimi niliacha barua za aibu. Wengine huacha vitu vya hatari zaidi bila hata kujua. Ndani ya lile sanduku la bati mlikuwa na nakala za vitambulisho vyetu vyote, cheti cha kifo cha babangu, taarifa za benki na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Fikiria lingeangukia tapeli badala ya mzee yule. Cheti changu cha KCSE pia kilikuwemo. Ukipoteza hicho, Baraza la Mitihani linaweza kukupa kingine, lakini utaanzia kituo cha polisi, ulipe ada na ungoje. Hati ya shamba ikipotea ni mlolongo mrefu zaidi: tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, na siku 60 zipite kabla upewe mpya. Yote hayo kwa sababu kijana mmoja alikuwa na haraka na dereva alikuwa anapiga honi.

Kwa hivyo ukiona familia yenu inaanza kuongea kuhusu kuuza, usingoje siku ya lori. Una zile siku 90, zitumie. Mimi ningefanya hivi kama ningerudishwa nyuma.

Kwanza, karatasi. Wikendi moja nzima, mlango umefungwa, simu kando. Vyeti na hati kwenye faili moja ambayo inabebwa mkononi na mtu mmoja, haipandi lori kamwe. Zisizohitajika zichomwe au zichanwe vipande vidogo, zisiachwe nzima.

Pili, vya marehemu au vya waliohama. Hivi ndivyo vizito, na si kwa kilo. Waite ndugu wote, hata walio Gulf wapigiwe video, kila mtu aseme anachotaka. Magongo ya babangu hakuna aliyeyataka na hakuna aliyeweza kuyatupa, ndiyo maana yaliachwa. Tungekaa chini tukaongea, tungeyapeleka kwa mgonjwa anayeyahitaji. Leo yametumika na jirani yetu wa Umoja aliyevunjika mguu, na mamangu akimwona akitembea nayo hutabasamu. Ilitubidi turudishiwe ndipo tukumbuke.

Tatu, vinavyofaa lakini hamvitaki. Uza mapema, ukiwa na wiki nne mkononi unauza kwa bei, ukiwa na siku moja unagawa. Ukitoa kwa makao ya watoto, toa kitu ambacho wewe mwenyewe ungekitumia. Watoto yatima si jaa la taka.

Nne, vibovu. Ita mtu wa vyuma kuukuu akiwa bado wewe ndiye mwenye mlango. Lipa mtu wa taka. Ndiyo, lipa. Hiyo ni gharama ya kuhama kama vile Canter ni gharama.

Tano, siku yenyewe, mtu mmoja asiyebeba chochote azunguke nyumba akiwa na tochi. Juu ya dari, chini ya ngazi, nyuma ya tangi, ndani ya droo. Afagie. Ndiyo, fagia nyumba ambayo si yako tena. Mamangu alitaka kufagia, sisi tukamwambia mvua inakuja. Najua alitaka kuiaga hivyo, na tulimnyima.

Na wewe wa keja ya kukodi, usidhani umeponea. Mwenye ploti akikata dipoziti yako kwa sababu umeacha godoro na stika ukutani, ujue anayeingia baada yako ni hustler kama wewe, amelipa kodi na dipoziti siku moja na hana hata nauli iliyobaki. Mwachie chumba ambacho ungependa kuachiwa.

Ukiwa upande wa kununua au kuingia, nakuomba uwe kama yule mzee. Ukikuta kitu, usikitupe siku hiyo hiyo. Tuma ujumbe, useme umepata nini, upe siku ya mwisho ya kuchukua. Wiki mbili zinatosha. Asipokuja, umefanya sehemu yako. Lakini karatasi na picha za watu zipe muda zaidi. Hujui ni maisha ya nani yamefungwa mle ndani.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Buruburu, nikapita mbele ya ile nyumba. Sikuingia, sina ruhusa ya kuingia, ni kwa mtu. Lango limepakwa rangi ya kijani. Mwembe wa babangu upo, huo uliuzwa pamoja na nyumba kihalali kabisa. Yule mzee alikuwa kwenye kiti chini yake akisoma gazeti, akaniona, akanipungia mkono.

Akaniita, "Kijana! Ulimaliza chuo?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Niliacha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa rika lake hivyo bila kuulizwa mara mbili. Akanitazama kidogo, akasema basi nipitie embe zikiiva.

Nitapitia. Na safari hii nitamlipa zile pesa za mkokoteni, hata akikataa.